Ushuhuda Nilioutoa Juu ya Mguu Wako

Mwanangu Debora,

Salamu zikufikie popote utakapoifungulia barua hii. Najua utacheka, maana wakati naandika bado hujaondoka. Uko nyumbani Kasingirima unakunja nguo, na mimi nimekimbilia huku pwani Katonga, nimekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa pembeni ya chanja zangu za kuanikia dagaa. Lakini barua bila salamu siwezi, hata kama ni ya mtu aliye chumba cha pili. Basi pokea.

Baba yako hajambo, anakusalimu. Nilimuuliza nikuandikie nini kutoka kwake, akasema, "Mwambie." Nikasubiri. Akarudi kwenye randa yake. Basi nimekwambia. Bibi yako aliyekuja juzi kutoka Kidahwe na mkungu wa ndizi kichwani hajambo, ila magoti yanamsumbua, na anasema kwa Kiha chake mwana wanje Imana akutangulie, yaani Mungu akutangulie mwanangu. Yona hajambo, anauliza kama kitanda chako sasa ni chake. Nimemwambia asubiri treni itoke kwanza. Furaha hajambo, ameanza kuvaa viatu vyako vya zamani, na anashangaa kwa nini cha kulia kimekwisha soli na cha kushoto ni kipya. Bibi Joha wa Ujiji, jirani yangu wa chanja, hajambo. Yupo hapa mbele yangu anafagia na ananiuliza mara ya tatu kama naandikia serikali. Kuku wako mwekundu hajambo, hatutamchinja, nimeshaapa.

Mimi mama yako sijambo kwa mwili. Moyoni ndiko kuna jambo, na ndilo lililonishikisha kalamu, mimi niliyeishia darasa la nne. Mambo ya chandarua, ya kuchemsha maji, ya kutolala na simu chini ya mto, hayo nimekwambia kwa mdomo mpaka umeziba masikio, siyarudii. Haya mengine kwa mdomo yananishinda. Nikikuona uso nitaanza kukuuliza kama umekula.

Wiki mbili zilizopita tulikuwa hapa hapa tunageuza dagaa, wewe upande ule, mimi upande huu. Ukaniambia, "Mama, nikikuuliza kitu utakasirika?"

Nikasema, "Uliza kwanza."

"Wewe ukiomba, unasikia nini?"

Nikakujibu haraka haraka, kama mtu aliyeulizwa kama ameoga. Nikasema nasikia amani. Ukageuza dagaa kidogo, halafu ukasema, "Mimi sisikii kitu. Tangu mwaka jana. Nasema Baba yetu mpaka amina, naona kama nimepiga simu inaita tu, hakuna anayepokea."

Nikakwambia hayo ni maneno ya shetani, ukaombewe, na tena upande wako umegeuza vibaya. Ulikuwa umegeuza vizuri, Debora. Niliangalia baadaye.

Halafu ikaja Jumapili. Mchungaji akakuita mbele, kwa kuwa unakwenda chuo cha ualimu Tabora na wewe ni wa kwanza katika nyumba yetu. Akasema, dada yetu atupe ushuhuda kabla hajaondoka. Ukatembea katikati ya mabenchi, ukasimama, ukaegemea mkongojo wako. Nilikuwa nimeshaweka mikono tayari kupiga makofi. Ukasema, "Naomba mniombee. Ushuhuda leo sina. Nikiutoa nitakuwa nawadanganya." Ukarudi kukaa.

Nyuma yangu mtu akanong'ona, "Na ni mtoto wa mama wa maombi." Nikainamisha kichwa. Njia nzima ya kurudi nyumbani sikusema nawe, na tangu siku ile nakuwekea chakula na kuondoka. Umedhani nimekasirika. Mwanangu, nilikuwa nimeogopa. Nimesikia kutoka kinywani mwako maneno ambayo mimi nilipaswa kuyasema mahali pale pale, miaka kumi na tano iliyopita, na sikuyasema. Niliposimama mimi, nilisema uongo. Na uongo wenyewe ulikuwa juu ya mguu wako.

Kipande cha mwisho cha habari hii unakikumbuka, kwa sababu ulikuwa ndani yake. Mwanzo wake hujui. Wazee wa kanisani wanajua kiasi, wakanistahi, hakuna aliyekusimulia. Na kuna sehemu ambayo ni mimi na baba yako tu. Leo tutakuwa watatu.

Ulikuwa na miaka minne ilipokushika ile homa. Siku sita. Ya saba ikaondoka, na ilipoondoka ikaondoka na mguu wako wa kushoto. Ulijaribu kushuka kitandani ukaanguka, ukacheka, ukadhani ni mchezo. Ukajaribu tena. Mara ya tatu hukucheka, ukaniangalia mimi. Macho yale yalikuwa yanaomba nifanye kitu, na mimi sikuwa na cha kufanya ila kuomba.

Nikaomba. Usidhani nilikuwa mvivu. Wakati huo mimi ndiye niliyekuwa naongoza maombi ya akina mama, watu wakitoka mpaka Ujiji kunifuata niwaombee. Nilikuwa na maneno, Debora. Yalikuwa yanatoka yenyewe. Wengine wanafumba macho wanasema mawili matatu wamekwisha, mimi nilikuwa naweza kuanza mama mmoja anabandika maharage na nikamaliza yameiva. Nikafunga kula. Nikakupaka mafuta mguuni mpaka ngozi ikang'aa. Mguu ukazidi kukonda.

Baada ya mwaka hivi kukawa na mkutano wa injili uwanjani, akaja mhubiri mgeni. Nikakubeba mgongoni, nikajipenyeza mpaka mbele. Wakati wa maombi nikakusimamisha ukashika meza, nikakuachia. Ukasimama. Nikihesabu nasema pumzi kumi, labda kumi na mbili. Halafu ukakaa chini taratibu, ukaanza kuchezea mchanga. Hayo ndiyo yaliyotokea, hakuna lingine. Ulisimama ukiwa umeshika meza, jambo ambalo hata nyumbani ulikuwa unafanya ukishika stuli.

Jumapili iliyofuata wakauliza nani ana ushuhuda. Miguu yangu ikasimama kabla yangu. Nikasema, mwanangu anatembea. Nikaona nyuso zinafunguka. Nikaongeza, anatembea kutoka mlangoni mpaka bombani. Watu wakapiga vigelegele, mzee mmoja akalia, wakaimba mpaka vumbi likanyanyuka. Na mimi nikalia kweli kweli. Nilikuwa nimejiambia kwamba nikisema kwanza, Mungu atafuata. Kwamba nimemtangulia kidogo tu, na yeye hatakubali kuniaibisha.

Nikarudi nyumbani nikakukuta umekaa kizingitini, mguu wako pembeni kama kitu cha mtu mwingine.

Kuanzia siku hiyo, mwanangu, nikakuficha. Unakumbuka zile Jumapili ulizobaki nyumbani na bibi yako, enzi anakaa kwetu? Nilikwambia ni mvua. Kiangazi nikakwambia ni vumbi. Wageni wa kanisani wakija, nilikuwa nakubeba nakuweka chumba cha ndani, nakupa ndizi, nakwambia tunacheza mchezo wa kunyamaza. Ulikuwa hodari sana wa mchezo ule. Hukuwahi kushindwa hata siku moja, na ndilo linaloniuma.

Baba yako hakusema kitu. Unamjua, maneno yake anayapigilia kwenye mbao. Jioni moja akarudi kutoka kwenye mitumbwi anayoiunda na mkongojo mdogo, ameuchonga kutokana na kipande cha ubao wa mtumbwi, juu ameuzungushia kitambaa usikuumize kwapani. Akauegemeza ukutani, akaenda kunawa. Nikauona, nikasikia kama amenipiga kofi. Nikajiambia, huyu ameshakata tamaa. Mtoto akishika hiki, tumemwambia Mungu asihangaike tena. Na chini ya hayo kulikuwa na lingine ambalo sikujiambia: watu wakimwona nacho, nimekwisha.

Nikauchukua nikautia jikoni. Nikapikia maharage.

Baba yako aliporudi akaangalia ukutani, akaangalia moto. Akakaa, akala yale maharage. Hakuniuliza. Ningemshukuru angenifokea.

Mwaka mzima, Debora. Mwaka mzima ulitambaa kwa makalio kwenye udongo, wakati ungeweza kutembea kwenda kucheza na wenzako, kwa sababu mama yako alikuwa analinda jina lake na akaliita imani. Sijawahi kulisema hili. Nimekupakulia chakula miaka kumi na tano na sijalisema. Nisamehe, mwanangu. Siombi unijibu kwenye hili. Nimeomba tu.

Sasa nikuambie kilichotokea ndani yangu, maana ndicho ulichoniuliza kule kwenye dagaa na mimi nikakujibu uongo.

Maneno yalikauka. Nilikuwa bado naongoza maombi, sauti ni ile ile, watu wanaitikia amina, lakini mimi najisikia kama naongea ndani ya mtungi. Nikipiga magoti nyumbani, hakuna kitu. Zamani nilikuwa nikifumba macho nasikia kama mtu ameingia chumbani akakaa. Sasa chumba ni chumba. Nikaomba ishara, hakuna. Nikaomba ndoto, nikaota nimepoteza kanga. Nikaanza kuwaza labda hata zamani hakuwepo mtu, ni mimi tu na kelele zangu. Wazo hilo likanikalia kifuani miezi na miezi. Nilikuwa nafagia uwanja, napika, naimba, na mtu wa ndani amehama.

Siku moja, zilikuwa siku za mbalamwezi. Wewe umelelewa na dagaa, unajua, lakini niandike kwa ajili ya rafiki zako wa Tabora utakaowasomea. Dagaa wanavuliwa kwa taa kwenye giza. Mwezi ukiwaka, taa haina kazi, dagaa hawaifuati, basi mitumbwi inavutwa pwani na Katonga inakuwa kimya kama wiki nzima. Mimi nilikuja hivyo hivyo mchana, sikuwa na shughuli, ila nyumbani kulikuwa na macho yako. Nikamkuta Bibi Joha peke yake pwani nzima. Amekunja kanga, anafagia mchanga chini ya chanja zake, ameshaosha waya, ametoa magamba ya zamani kwa kijiti. Hakuna dagaa hata wa kumpa paka.

Nikamwamkia, akaitikia bila kuinuka. Nikasema, "Bibi, mitumbwi haijaingia majini tangu Jumatatu."

"Nimeona. Nina jicho moja zima."

"Sasa unafagia nini?"

"Pangu."

"Lakini hakuna kitu."

Akainuka, akashika kiuno, akanitazama. "Wewe si ndiye mama wa maombi? Wa kumwita Mungu mchana kutwa mpaka sisi wa msikitini tunakosa usingizi wa mchana?"

"Ndiye mimi."

"Na unataka mpaka umwone dagaa ndio ufagie." Akacheka, akanitupia ufagio wa pili. "Shika. Na usimame kule, unanizibia upepo."

Nikafagia. Sikujua nafagia kwa nini. Nilipomaliza akaniambia kwamba mitumbwi ikirudi haimuulizi mtu alikuwa wapi, inamwaga tu, na aliyekutwa na uwanja mchafu atauza dagaa wenye mchanga mpaka wanunuzi wamkimbie. Akaniuliza kama nina ugoro. Sina. Akanuna. Hiyo ndiyo hekima yote niliyoipata kwake siku ile, na ukimuuliza leo atakwambia hakumbuki, anakumbuka tu kwamba nilifagia vibaya.

Nikarudi kesho yake. Na keshokutwa yake. Siku zote za mbalamwezi nilikuja nikafagia pangu. Siku ya tatu au ya nne, nikiwa nimeinama, nikaona kuwa sijasema neno kwa Mungu tangu asubuhi, na kwamba sijamdanganya pia. Nikaacha hapo hapo yale maneno yangu marefu. Sikuyataka tena. Asubuhi nikiamka nilikuwa nasema, "Baba, nimekuja kufagia," na basi. Siku nyingine hata Baba nilikuwa sina uhakika naye, nikawa nasema nimekuja kufagia. Maombi ya akina mama nikamwachia mwenzangu, nikasema koo linaniuma. Hilo nalo lilikuwa uongo, niliona nikutajie wote.

Mwezi ukapungua, giza likarudi, mitumbwi ikaingia, dagaa wakaja. Sasa hapa ningekuwa yule wa zamani ningekuandikia kwamba na Mungu akarudi pamoja nao. Hakurudi, Debora. Dagaa walijaa chanja mpaka tukaanika juu ya mawe, na ndani yangu kimya kile kile. Ukaja mwezi mwingine ukaenda. Ukaja mwingine. Mimi nafagia.

Asubuhi moja nilikuwa nakuvalisha, Jumapili, najiandaa kukuacha. Nikasema leo kuna upepo mkali. Ukanyoosha mkono kuingia kwenye gauni, ukaniuliza, wala hukuwa na huzuni, uliuliza kama anayeuliza saa ngapi, "Mama, nikipona nitaruhusiwa kwenda kanisani?"

Nikakaa chini.

Sikusikia sauti, usije ukaongeza sauti kwenye habari hii ukiisimulia. Nilijisikia tu kama mtu aliyekuwa amebeba ndoo kichwani muda mrefu na sasa shingo imekataa. Nikakuacha na gauni nusu, nikaenda nyuma ya nyumba kwa baba yako aliyekuwa anapaka mafuta shoka. Nikamwambia, "Baba Debora, naomba umtengenezee mtoto mkongojo."

Akasema, "Upo."

"Upo wapi? Nilichoma."

Akaingia stoo, akatoa mbao mbili, chini yake kuna gunia, ndani ya gunia upo. Ni ule ule, kitambaa kile kile. Akasema, "Siku ile nilitengeneza miwili. Nakujua." Halafu akakuangalia pale mlangoni, akaona umerefuka, akakata kipande cha ndala yake mwenyewe, akakigongomelea chini ya mkongojo upate kukufikia. Akaenda kanisani na ndala moja nzima na moja nusu.

Kumbe mwaka mzima ule mimi nikiamini nimeshaiunguza njia yako, ilikuwa imelala chini ya mbao hatua kumi kutoka kitandani kwangu. Baba yako haongei mambo ya dini, hata sala ya chakula ananiachia. Lakini mara nyingi nikiwaza kwamba Mungu amenyamaza, namkumbuka mtu yule alivyokula maharage yangu bila kusema kitu, na kule stoo kuna gunia. Sisemi zaidi ya hapo. Wewe ndiye msomi.

Kipande kinachofuata unacho. Walipouliza nani ana ushuhuda, nikasimama. Nikasema, "Mwaka jana niliwaambia mwanangu anatembea. Alikuwa hatembei. Nilidanganya, nikamficha ndani ili msijue. Na tangu wakati ule nikiomba sisikii kitu. Sina ushuhuda. Nimekuja kuurudisha ule nilioutoa."

Kimya kilichoshuka pale, mtu angesikia nzi anajisafisha mabawa. Hakuna aliyesema amina. Hakuna aliyenitazama. Nikaona aibu yote niliyokuwa naikimbia imefika, imekaa benchi la mbele. Na katikati ya kimya hicho ikaanza, ko, ko, ko, kwenye sakafu ya saruji. Ulikuwa umejiteremsha kutoka kwa baba yako pale nyuma, ulidhani wananigombeza. Ulikuwa na huo mkongojo tangu asubuhi ile tu na hukujua kuutumia, ulikuwa unautupa mbele kisha unaufuata. Ukaanguka mara moja, mtu akataka kukunyanyua ukamsukuma. Ukafika kwangu, ukanishika sketi, ukawaangalia wote kwa ukali, ukasema, "Mama yangu asilie. Nimekuja."

Mwanangu, niliwaambia uongo kwamba unatembea, nikaja kuufuta, na pale pale wakakuona unatembea. Mzee yule aliyelia mwanzo akaanza kucheka, machozi yanamtoka, akasema, "Sasa huu ndio ushuhuda." Vigelegele vilivyopigwa siku ile Bibi Joha anaapa alivisikia Ujiji, lakini yule naye anaongeza chumvi. Wakatuzunguka. Mama mmoja akavua kanga yake akanifunga. Mwingine akaniambia sikioni, mimi pia, dada, miaka mitatu sisikii kitu, nilidhani niko peke yangu. Nikamshika mkono tukasimama hivyo mpaka mwisho wa ibada. Nilishinda siku ile, Debora. Nilishinda nikiwa sina kitu mkononi. Sijawahi kuwa na nguvu kama niliyokuwa nayo nilipokuwa sina hata neno moja zuri la kusema.

Utaniuliza, na yule mtu anayeingia chumbani akakaa, alirudi? Siku nyingine huwa namsikia. Siku nyingi hapana. Uliponiuliza nikasema nasikia amani, ukweli ni kwamba asubuhi hiyo nilikuwa nimefagia tu. Nilikujibu hivyo kwa sababu nilidhani mama haruhusiwi kukosa. Na sijui alikuwa wapi ule mwaka. Nimekataa kukutungia jibu. Ninachojua ni kwamba niliendelea kufika, na kwamba yule niliyekuwa nafika kwake hajanifukuza, na kwamba leo ukiniuliza kama naamini, nitakwambia ndiyo, naamini kuliko wakati ule nilipokuwa na maneno ya kujaza ndoo.

Ndiyo sababu Jumapili iliyopita niliinamisha kichwa. Nimekutazama umesimama mahali niliposimama, na watu wanasubiri kitu kitamu, na mikono ya mama yako imeshanyanyuka kupiga makofi, na wewe ukakataa kudanganya. Mimi ilinichukua mwaka mzima na mkongojo mmoja jikoni kufika hapo. Wewe ulifika kwa hatua zako mwenyewe. Ukadhani umeniaibisha. Naandika hapa ili liwepo kwenye karatasi na usije ukasema sikusema: siku ile nilijivunia wewe mpaka nikashindwa kufungua mdomo. Mtu asiyeamini hahangaiki kuwaambia watu ukweli juu ya Mungu. Angetoa tu ule ushuhuda akaenda zake kula.

Jua limeanza kushuka upande wa Kongo, na Bibi Joha ameniambia kama namwandikia Rais nimwombee miwani. Lazima nirudi, bibi yako hawezi kupuliza moto na magoti yale.

Jambo moja la baba yako, alinikataza nisikwambie. Juzi alipotea mchana mzima. Alikwenda stesheni na kamba, akapima ngazi ya behewa, kimo kutoka chini, upana wa mlango. Mkongojo mpya atakaokupa kesho ameutengeneza kwa kipimo hicho. Ameukatia mninga, na chini ameweka mpira wa tairi safari hii, ndala anasema zimemtosha. Atakupa tu bila neno. Wewe pokea hivyo hivyo. Na kama ukiona anaondoka haraka kabla treni haijapiga honi, usimwite.

Kesho nitasimama nikutazame ukipanda ngazi zile. Najua nitanyoosha mikono kutaka kukushika. Nisukume, kama ulivyomsukuma yule aliyetaka kukunyanyua kanisani.

Ukifika Tabora niandikie upesi, mwanangu, usinikalishe. Hata ujumbe wa simu, Yona atanisomea, ila barua naipenda zaidi kwa kuwa naisoma mwenyewe. Niambie umelala wapi na nani. Na kwenye lile jambo lingine, usiniandikie la kunifurahisha. Ukisikia kitu, niambie. Usiposikia, andika neno moja tu, "bado," mimi nitaelewa, na sitakwambia ukaombewe. Nitalikunja nilitie kwenye kanga, nije nalo hapa Katonga siku inayofuata, kuwe na dagaa au kusiwe, nifagie pangu, na nikimaliza nifagie na pako.

Mimi mama yako,
Mama Debora